Bagamoyo: Waliopokelewa Nao Wakapokea

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hana haja ya kufunga mizigo mingi. Mwendo ni wa kilomita kama 70 tu kuelekea kaskazini, na barabara ya lami hupita Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, minazi na mikorosho ikikusindikiza njiani. Katika karne iliyopita kabla ya ile ya 20, mpagazi aliyetoka Ujiji alitembea kilomita zipatazo 1,200 mpaka kufika hapa, pembe ya ndovu ikiwa begani. Mimi niliondoka baada ya chai ya asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimekwisha kuteremka kituoni.

Lakini hata mimi nilikuwa na mzigo, ingawa haukuonekana. Juma lile shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alikuwa ameletwa mjini kutoka kijijini kwa matibabu ya macho. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, na watoto ni wanne. Nikamlipia chumba katika nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili, nikijiambia kwamba huko atapumzika vizuri kuliko kwetu. Hakulalamika. Alisema tu, "Haya, mwanangu, kama umeona hivyo ndivyo." Kisha akachukua kikapu chake mwenyewe. Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nayo garini tangu tulipoondoka mpaka tulipofika.

Wazee hueleza jina la Bagamoyo kwa namna mbili. Wako wasemao kwamba wapagazi, hasa Wanyamwezi, walipouona mji na bahari walijua taabu ya njia imekwisha, wakaibwaga mioyo yao ipumzike. Wako wasemao kwamba ni kilio cha mtumwa aliyefika ukingoni mwa nchi yake, naye akaibwaga mioyo ya matumaini asipate kuiokota tena. Sikwenda kuamua ugomvi huo. Nilikwenda kutazama mahali ambapo watu waliobwagwa na wenzao waliokotwa, na kujua walifanya nini baada ya kuokotwa.

NJIA YA MIEMBE

Misheni ya Bagamoyo iko nje kidogo ya mji, upande wa kaskazini. Unaingia kwa njia ndefu yenye miembe mikubwa pande zote mbili, na jua la mchana linakatika ghafla kana kwamba umeingia ndani ya nyumba. Upande wa bahari uko msalaba unaokumbusha kwamba hapa ndipo walipotua Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868, kutoka Unguja, ambako kazi yao ilikuwa imekwisha kuanza. Kiongozi wao alikuwa Padre Antoine Horner, na ruhusa ya kukaa bara ilitoka kwa Sultani Majid. Hivyo tangu siku ya kwanza Wakristo hao walikuwa wageni katika mji wa Waislamu, na mji uliwapa mahali pa kukaa. Jambo hilo lafaa kukumbukwa kabla ya mengine yote: waliokuja kukaribisha watu walikaribishwa kwanza.

Watu walioletwa hapa walikuwa watoto na vijana kwa mamia, wengine wakiwa wamekombolewa kwa fedha sokoni Unguja, wengine wakiwa wametolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini. Hawakuwa watu wa kabila moja wala lugha moja. Kiswahili wengi wao walikijulia hapa hapa. Waliwekwa shule, wakafundishwa useremala, ufundi wa chuma, uashi na kilimo. Walipokua na kuoana walipewa nyumba na mashamba katika kijiji chao jirani na misheni. Mwezi Aprili mwaka 1872 kimbunga kikuu kilivuma katika pwani hii na Unguja, kikaharibu sehemu kubwa ya kazi iliyokwisha kufanyika, nao wakaanza upya.

Haitakuwa haki kuyaeleza hayo kana kwamba yote yalikuwa asali. Mtoto aliyekombolewa hakuulizwa kama anataka kuwa Mkristo, wala kama anataka kulima minazi ya misheni. Taratibu zilikuwa kali, kengele ilitawala saa zote za siku, na baadhi yao walitoroka. Kumtoa mtu katika mnyororo ni jambo moja, na kumwacha aamue maisha yake ni jambo jingine. Mapadre wa siku zile walilijua vizuri la kwanza, na la pili walijifunza polepole, kama walivyojifunza wazungu wengi. Hata hivyo, katika wale waliobaki walitokea watu ambao hakuna aliyewalazimisha kufanya waliyoyafanya. Hao ndio niliokuja kuwatafuta.

MSICHANA ALIYEFUKULIWA

Nyumba kubwa ya zamani ya masista sasa ni makumbusho. Ndani yake iko minyororo na pingu, na picha za zamani za watu wasiocheka. Nilisimama mbele ya pingu ndogo kwa muda mrefu. Mkono wangu usingeingia. Ulikuwa mkono wa mtoto.

Hapo nikakumbuka kisa cha msichana mmoja wa Kiyao aliyeitwa Suema, kisa ambacho kilichapishwa Paris mwaka 1870 kwa habari zilizotoka kwa Padre Horner. Suema alitoka upande wa ziwa Nyasa. Msafara wa watumwa ulimchukua pamoja na mama yake, na mama alipochoka asiweze kwenda tena, aliachwa njiani afe. Binti alifika Unguja akiwa mifupa mitupu. Mfanyabiashara alipoona kwamba mali yake hiyo haitapata mnunuzi, akaamuru ikazikwe ingawa pumzi ilikuwa bado haijatoka. Akafunikwa mchanga mwepesi makaburini. Kijana mmoja wa kisiwa cha Réunion alipita, akasikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa masista wa misheni ya Unguja, wakamuuguza mpaka akapona.

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa kisa cha huruma ya wazungu, nasi tungeweza kukisoma na kulala. Lakini kitabu chasimulia kwamba baadaye Suema alikuwa akiwasaidia masista kuhudumia wagonjwa, na siku moja akaletwa Mwarabu mwenye majeraha. Suema akamtambua. Ni yule yule wa msafara, aliyemwacha mama yake porini. Mikono ikamtetemeka, akashindwa kumgusa. Hakuwa na deni lolote kwa mtu huyo. Ila aliposhindana na nafsi yake kwa muda, alirudi akamfunga vidonda.

Tumezoea kudhani kwamba mwito wa Mungu huja kwa sauti kuu, tena kwa watu waliotayarishwa. Suema hakuwa mtawa, wala mwalimu, wala hakuwa na cheo chochote. Alikuwa msichana mwenye kitambaa na maji ya moto mkononi, na mbele yake yuko mgonjwa. Mwito wake wote ulikuwa ndani ya chumba kile.

USIKU MMOJA WA FEBRUARI

Karibu na kanisa la sasa, ambalo lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, umesimama mnara wa kanisa la kwanza. Wengi huuita mnara wa Livingstone, kwa kuwa mwili wa Dakta David Livingstone uliletwa hapa tarehe 24 Februari 1874. Lakini Livingstone hakujileta. Alikufa mapema mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga katika magome ya mti, wakauchukua mabegani kwa miezi mingi. Njiani walikuwako waliougua, na walikuwako waliokufa. Walipita katika nchi ambazo wenyeji waliogopa maiti, ikawabidi kuificha kama mzigo wa bidhaa.

Susi alikuwa Mwislamu wakati huo. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa kijana mdogo. Hapakuwa na mtu wa kuwaamuru. Wangeweza kumzika pale pale, wakagawana vitu vyake na kwenda zao, na nani angewalaumu? Walipofika Bagamoyo, misheni ikawafungulia kanisa, na mwili ukalazwa humo. Kisha meli ya Kiingereza ikauchukua. Livingstone akazikwa London, katika kanisa la Westminster, tarehe 18 Aprili 1874. Katika wale waliombeba, ni mmoja tu, Jacob Wainwright, aliyekuwako kwenye mazishi hayo. Wengine walipewa ujira wao wakaagwa hapa hapa pwani. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, wakati kaburi lilikwisha kufungwa.

Nilipokuwa nikiutazama mnara ule nilijiuliza kwa nini tuliupa jina la aliyebebwa, tusiupe jina la waliombeba.

Miaka 14 baada ya usiku ule, mlango wa misheni ulifunguliwa tena. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Bushiri bin Salim, waliinuka kupigana na Wajerumani. Mji wa Bagamoyo ukawa uwanja wa vita. Maelfu ya watu, wa dini zote, walikimbilia kwenye mashamba ya misheni, wakajenga vibanda chini ya minazi, na misheni ikawagawia chakula ilichokuwa nacho. Bushiri hakuigusa misheni. Padre Etienne Baur aliweza hata kwenda kuzungumza naye. Waliokuwa wakipokea wakimbizi hao, kupika, na kuwaonyesha mahali pa kulala, walikuwa ndio wale wa kijiji cha waliokombolewa. Watu ambao wakati fulani hawakuwa na kwao, sasa walikuwa wenyeji.

Na walipohitajika kwenda mbali zaidi, walikwenda. Mapadre walipofungua misheni za bara, Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, na hatimaye Kilema katika Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1890, walifuatana na familia zilizotoka Bagamoyo. Majina ya mapadre yako vitabuni. Majina ya familia hizo ni machache tu tunayoyajua. Mume alijenga, mke alilima na kuzaa, na jioni wote wawili walifundisha sala kwa lugha ya Kiswahili katika nchi ambayo haikuwa yao. Mtu mmoja aliyaita maisha ya namna hiyo mbegu. Mimi nayaita chumvi. Ukila chakula chenye chumvi ya kutosha huikumbuki chumvi.

MNYORORO ULIOMEZWA

Nyuma ya majengo uko mbuyu mnene, na katika shina lake kipande cha mnyororo kinachungulia. Wageni wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa. Sivyo. Yasimuliwa kwamba mwanamke mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akiendesha zahanati Unguja, alikuja Bagamoyo kwa hiari yake kuwahudumia wagonjwa wa misheni. Hakuwa sista. Alikuwa na punda, na punda huyo alimfunga kwenye mbuyu kwa mnyororo huo. Mwanamke akaondoka, mnyororo ukasahauliwa, mti ukanenepa ukaumeza. Mimi nilifurahi kuambiwa hivyo. Katika mji huu wa minyororo mingi, uliobaki ndani ya mti ni ule wa punda wa mwuguzi.

Makaburi ya mapadre, mabruda na masista wa kwanza hayako mbali. Nilisoma tarehe za juu ya misalaba mpaka nikaacha, maana wengi wao walikufa wakiwa vijana, wengine miaka michache tu tangu kufika. Homa haikuuliza elimu ya mtu.

CHAI YA KATEKISTA

Hapo makaburini ndipo nilipokutana na mzee aliyekuwa akifagia majani kwa ufagio wa njukuti. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama wafu? Walio hai je, umewasalimu?"

Nilicheka, nikamweleza kwamba naandika habari za mahali hapa. Akaegemeza ufagio mtini, akasema twende kwake, kwa sababu habari haziandikwi na mtu mwenye njaa. Nilimwambia sikupenda kumsumbua mama nyumbani bila taarifa. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba bahari itaomba ruhusa kupwa.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, sawa na yangu. Barazani walikuwapo wajukuu watano, na mgonjwa mmoja amelala mkekani, mtu ambaye mzee alisema ni "wa huko Mandera, amekuja hospitali." Hakuwa ndugu yake. Mkewe alitandika jamvi, akaleta maji ya kunawa, kisha wali wa nazi na samaki, na chai ya tangawizi baadaye. Hakuuliza mimi ni nani mpaka nilipokwisha kula.

Mzee huyo ni katekista kwa zaidi ya miaka 40. Ujana wake alikuwa mvuvi. Shule hakwenda. Kusoma alijifunza katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, akikaa kwenye dawati la mwanawe, na kitabu cha kwanza alichokimaliza kilihusu kilimo cha pamba, zao ambalo hajawahi kulilima.

"Nani alikuita katika kazi hii?" nilimwuliza.

Alifikiri kidogo. Akasema kwamba palitokea msiba mtaani kwao, padre yuko safarini, na katekista wa zamani yuko kitandani. Watu walikuwa wamesimama kaburini na mwili, jua linazama. Yule mgonjwa akatuma kitabu cha sala, akasema apewe mtu yeyote ajuaye kusoma. "Wakanitazama mimi. Nilikuwa nimetoka baharini, nanuka samaki. Nikasoma, tena kwa kugugumia kama mtoto. Juma lililofuata akafa mtu mwingine."

"Basi ndiyo ukaitwa?"

"Sijui kuitwa kwa namna nyingine, mwanangu. Hapakuwa na mtu mwingine."

Kazi hiyo haina mshahara wa kutajika. Huwafundisha watoto Jumamosi, hutembelea wagonjwa, hufagia makaburi, husali na wafiwa. Akizika, wa kwanza kushika jembe ni jirani yake Mwislamu, na jirani akifiwa, yeye huwa wa kwanza. Ndiye aliyenikumbusha habari za Sheikh Ramiya, ambaye jina lake halisi lilikuwa Yahya bin Abdallah. Aliletwa Bagamoyo kutoka Manyema akiwa mtumwa mtoto, akajifunza dini, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria aliyeheshimiwa pwani nzima mpaka alipofariki mwaka 1931. "Mungu haendi kuchagua watu barazani kwa liwali," alisema mzee. "Anapita nyuma, jikoni."

Nilimwuliza habari za ukoo wake. Akasema babu wa babu yake aliletwa na jahazi, naye hakujua alikotoka. Alikuwa mdogo mno. Neno moja tu la lugha yake lilibaki katika ukoo, na hakuna ajuaye tena maana yake. Alilitamka. Mimi pia sikulijua.

"Ndiyo maana hatufungi mlango," mkewe alisema, akikusanya vyombo. "Sisi sote hapa tuliingia kwa kupokelewa. Mgeni ukimwuliza sana atokako, unaweza kukuta anatoka ulikotoka wewe."

Nilitazama vile vyumba viwili, wale wajukuu watano, na yule mtu wa Mandera aliyekuwa amegeukia ukuta apate usingizi. Sikuona mahali pa kutosha. Ila kila mtu alikuwa amepata mahali.

KURUDI

Gari la jioni lilikuwa limejaa, na kijana mmoja alinipisha kiti. Njiani giza lilipoingia niliwaza juu ya msichana mwenye kitambaa na maji ya moto, juu ya wapagazi wenye mzigo usio na faida, na juu ya mvuvi aliyesoma sala kwa kugugumia. Hakuna hata mmoja wao aliyengoja mpaka nyumba iwe kubwa.

Nilishuka kituo kimoja kabla ya kwetu. Katika nyumba ile ya wageni shangazi alikuwa ameketi kitandani, taa imewashwa, kikapu kiko miguuni pake, hakikufunguliwa tangu alipofika. Macho yake hayakunitambua mpaka nilipomwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi usiku huu?"

"Bagamoyo, shangazi. Twende nyumbani."

"Nitalala wapi?"

"Kitanda changu kipo. Mimi na watoto tutatandika mkeka."

Alinyamaza kidogo, kisha akanipa kikapu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Tulipofika nyumbani akakifungua mwenyewe: mchele wa shambani, karanga, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu, zawadi ambazo alikuwa amezileta kwa ajili ya watoto wangu, akingoja siku atakapokaribishwa apate kuzitoa.